Zamu ya Usiku wa Manane

Mwezi wa Julai, wakati ukungu unaposhuka kutoka Nyandarua ukalala juu ya mji wa Nyeri kana kwamba wenyewe umeupata usingizi ambao wenyeji wengi wa mji huo wameukosa, mtu aliyefikia umri wangu huamka saa nane ya usiku bila ya kuamshwa na mtu, akamsikiliza mbwa mmoja akibweka upande wa Kamakwa, na lori likipanda mlima kwa gia ndogo kuelekea Kiganjo, na maji yakidondoka kutoka kwenye bati hali mvua haikunyesha, kwa kuwa umande wa huku ni mzito kama manyunyu. Kisha akageukia upande wa pili wa kitanda, akajifunika blanketi mpaka masikioni, akajua, kama alivyojua jana na juzi, kwamba usingizi umekwenda zake na hautarudi mpaka karibu na alfajiri, saa ambayo haumfai tena.

Zamani niliuhesabu wakati huo kuwa hasara tupu, nikawa nimelala macho wazi nikipiga hesabu za ada ya shule, bei ya mbolea na malipo ya kahawa yaliyocheleweshwa, na kila nilipofika mwisho wa hesabu nilianza tena mwanzo, kana kwamba shilingi huongezeka kwa kutazamwa gizani. Siku hizi siioni tena kuwa hasara. Walakini sidai kwamba nimepata siri ya watakatifu, wala siandiki haya ili nimfunze asiyelala namna ya kulala, kwani mimi mwenyewe sijaijua. Ninalouliza ni jambo dogo kuliko hilo, na gumu zaidi: Mkristo aliyenyimwa usingizi anaweza kuzifanya saa zile kuwa sala bila ya kujidanganya?

Sisi tusemao Kiswahili tumejaliwa jina zuri la saa hiyo. Twaiita usiku wa manane, na mtu aliyezoea kulitamka jina hilo bila ya kulipima huenda asitambue kwamba ndani yake imo hesabu ya nane, yaani saa ya nane tangu jua kuchwa. Basi nilistaajabu sana siku niliyosoma kwamba Benedikto wa Nursia, yule baba wa watawa wa Magharibi aliyeandika kanuni yake nchini Italia katika karne ya 6, aliwaagiza ndugu zake waamke katika majira ya baridi saa ya nane ya usiku, akizihesabu saa tangu machweo kama tuzihesabuvyo sisi. Na sababu aliyoitoa haikuwa ya kuutesa mwili, bali ni kwamba ndugu wapate kupumzika kupita nusu ya usiku kidogo, na chakula chao kiwe kimekwisha kusagika tumboni. Yeye alilazimika kuweka kanuni moja ya wakati wa baridi na nyingine ya wakati wa joto, kwa sababu katika nchi za kaskazini usiku hurefuka na kufupika. Bali sisi, ambao mstari wa ikweta unapita Nanyuki, tumegawiwa usiku wa saa kumi na mbili mwaka mzima, usiozidi wala kupungua ila kwa dakika chache, hata mtu aliyeishi miaka 70 chini ya Mlima Kenya miaka yake 35 imepita gizani. Ingekuwa ajabu kama Mungu aliyeigawa siku sawasawa namna hiyo hana neno lolote la kumwambia mja wake katika nusu ya pili.

Lakini lugha yetu imetupa tofauti nyingine, ambayo naiona kuwa ndiyo ufunguo wa jambo hili zima. Kukosa usingizi ni neno moja, na kukesha ni neno jingine. Mwenye kukosa usingizi amepungukiwa na kitu. Mwenye kukesha anafanya kitu, tena anakifanya kwa ajili ya mwingine, kwani mtu hukesha na mgonjwa, au na maiti, au na bwana arusi anayengojewa. Hata wageni waliofika Treetops, ile hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Nyandarua mwaka 1932, walilipa fedha nyingi ili wakeshe, wala hawakulalamika kwamba wamenyimwa usingizi, maadamu ndovu na nyati walishuka kunywa maji. Na usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Binti Elizabeth wa Uingereza alipokuwa hapo akiwatazama wanyama, ndipo baba yake, Mfalme George wa 6, alipofariki usingizini huko kwao, naye bintiye asijue mpaka mchana. Aliyekesha alikuwa akitazama jambo moja, na usiku ulikuwa ukitenda jambo jingine. Naikumbuka habari hiyo kila nimsikiapo mtu akisema kwamba alikaa macho katika sala na hakuona chochote. Aghalabu hatujui tumewekwa macho kwa ajili gani mpaka tuje kuambiwa. Sala ya asiyelala, basi, kama nielewavyo, ni safari ya kutoka neno la kwanza kwenda neno la pili: amekosa usingizi bila ya kutaka, na sasa yampasa atafute atakesha kwa ajili ya nani.

Kabla ya kuendelea yanipasa kuweka mpaka, kwa maana wako watu wema walioumizwa na mahubiri ya jambo hili. Usingizi wenyewe ni neema. Zaburi ya 127 yawaonya waamkao mapema na kuchelewa kulala wakidhani kwamba nyumba husimama kwa uchovu wao, na yauhesabu usingizi kuwa kipaji ambacho Mungu humpa mpenzi wake. Nabii Eliya alipokimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu akaomba afe, Mungu hakumhutubia wala hakumwamuru akeshe. Alimwacha alale, akamtuma malaika amwamshe ale mkate uliookwa juu ya makaa, kisha akamwacha alale tena, na maneno makuu ya Horebu yakaja baadaye, nabii alipokwisha kushiba na kupumzika. Kwa hiyo mtu ambaye usingizi umemwacha kwa majuma mengi, akawa mchana anasinzia penye usukani au analia pasipo sababu, na aende kwa tabibu bila ya kuona haya, wala asimsikilize amwambiaye kwamba ugonjwa wake ni upungufu wa imani. Na mama aliyejifungua juzi, ambaye mtoto amemruhusu kufumba macho kwa dakika 20, aula kwake ni kulala, na Mungu ataihesabu pumzi yake kuwa dua. Vilevile nazihofia kesha zile ambazo vipaza sauti vyake huwanyima usingizi majirani wasioombwa ruhusa, kisha kesho yake aliyekesha akapita sokoni na macho mekundu kama mtu aonyeshaye hati ya cheo. Ndugu zetu Waislamu wa Majengo wana sala yao ya tahajudi katika saa hizi hizi, na mwenye kuiswali aghalabu huiswali faraghani, nyumba ikiwa imelala, wala jirani asijue. Na katika hilo wametutangulia.

Sasa nirudi kwa asiyelala. Miongoni mwa waliokosa usingizi katika Maandiko wamo wafalme wawili, na wote wawili walikuwa na vitanda vizuri. Dario, aliyekuwa amemtupa Danieli kati ya simba kwa sheria ambayo mwenyewe hakuweza kuitangua, alikataa chakula na ngoma, na alfajiri akaenda mbio mpaka kwenye tundu akaliita jina la Danieli kwa sauti ya huzuni. Habari ya Ahasuero, mfalme wa Uajemi, ni ya ndani zaidi. Usiku mmoja usingizi ulimpaa, akaagiza aletewe kitabu cha kumbukumbu za ufalme asomewe, yamkini akitumaini, kama wengi wetu, kwamba hapana kitu kiletacho usingizi upesi kama taarifa za serikali. Na msomaji akafika mahali palipoandikwa kwamba Mordekai Myahudi aliwafichua watu wawili waliofanya njama ya kumuua mfalme. Akauliza ni heshima gani aliyopewa Mordekai kwa jambo hilo. Akajibiwa kwamba hakupewa kitu. Asubuhi ilipofika, Hamani, adui wa Mordekai, aliingia na ombi la kumtundika, akamkuta mfalme ambaye fikira yake yote ni jinsi ya kumlipa. Na kuanzia hapo mambo ya taifa zima la Wayahudi yakageuka. Wataalamu wametukumbusha mara nyingi kwamba kitabu cha Esta, katika Kiebrania chake, hakilitaji jina la Mungu hata mara moja. Kimemtaja mfalme asiyepata usingizi, basi. Nimekitafakari kisa hicho kwa miaka mingi, na kinachonishika kila mara ni kwamba Ahasuero hakupewa maono, wala sauti, wala malaika. Alipewa deni.

Tushuke kutoka Shushani, mji wa Ahasuero, mpaka Gikondi. Katika kanisa kuu la Consolata mjini Nyeri yamehifadhiwa mabaki ya Sista Irene Stefani, Mwitaliano aliyezaliwa Anfo mwaka 1891 na kufika Kenya mwaka 1915, ambaye watu wa Gikondi walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma. Alipofika, Vita Kuu vilikuwa vimekwisha kuingia Afrika Mashariki, na wanaume wa milima hii wakichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi, katika kikosi kile ambacho ndimi zetu zililigeuza jina lake la Kizungu likawa Kariakoo, na jina likabaki sokoni Dar es Salaam na Nairobi hali wenyewe wamekwisha kusahauliwa. Wapagazi hao walikufa zaidi kwa homa na kuhara kuliko kwa risasi, na Sista Irene aliwauguza katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Mtu aliyewahi kulala wadini anaujua usiku wa hospitali, jinsi homa inavyopanda taa zikipunguzwa, na jinsi mtu mzima anavyomwita mama yake kwa lugha ambayo muuguzi haielewi. Baada ya vita alitumwa Gikondi, akafundisha, akazunguka vilimani kwa wagonjwa, akawaandikia wazazi wasiojua kusoma barua za kwenda kwa wana wao walioajiriwa mbali. Na mwaka 1930, tauni ilipoingia, alimuuguza mwalimu mmoja aliyeshikwa nayo, ikamshika na yeye, akafariki tarehe 31 Oktoba akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 umati mkubwa ulikusanyika hapa Nyeri, Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam akiongoza ibada ambayo kwayo Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri. Nyaatha hakutuachia risala juu ya sala za usiku. Alituachia jina, na jina lenyewe halikutokana na magoti yake yaliyopigwa kanisani, bali na vitanda alivyoviinamia.

Miaka 22 baada ya kifo chake, nchi hii nzima ilikosa usingizi. Tangu Hali ya Hatari ilipotangazwa na serikali ya kikoloni tarehe 20 Oktoba 1952, na hasa tangu mwaka 1954, watu wapatao milioni moja walipoanza kuhamishwa kutoka mashamba yao na kukusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, usiku wa Nyeri na Murang'a haukuwa tena wa kupumzika: aliyebisha mlango yamkini ametoka msituni kutaka chakula na kiapo, au yamkini ni askari wa serikali anamtaka mwana wa nyumba, na mama aliyekwenda kufungua hakujua aombe dua gani mpaka auone uso. Walikuwamo Wakristo wa uamsho waliokikataa kiapo na vilevile wakaikataa bunduki ya serikali, na baadhi yao waliuawa. Kanisa la Mtakatifu Yakobo huko Murang'a lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliokufa katika miaka hiyo, na mwaka 1959 msanii kijana wa Tanganyika, Elimo Njau, alichora ukutani mwake picha tano kubwa za maisha ya Bwana, tangu kuzaliwa hata kusulibiwa, akiyaweka yote katika mabonde na watu wa nchi hii. Mojawapo ni ya Gethsemane. Asimamaye mbele yake hawezi tena kudhani kwamba bustani ile iko ng'ambo ya bahari, wala kwamba wanafunzi waliolala walikuwa wavivu. Luka asema wazi kwamba walilala kwa huzuni, na watu wa Murang'a, ambao katika miaka ile wengine walishindwa kulala kwa huzuni na wengine walishindwa kuamka kwa huzuni hiyo hiyo, hawakuhitaji mfafanuzi. Bwana mwenyewe, aliyetaka wakae macho pamoja naye saa moja tu, hakuwavua uanafunzi kwa kusinzia kwao. Aliwaamsha, wakafuatana.

Na upande wa pili wa vita vilevile kuna usiku mwingine, ambao mji wa Nyeri hauwezi kuusahau. Dedan Kimathi, aliyewaongoza wapiganaji wa msituni, alikamatwa huko Tetu tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa mjini hapa, akapelekwa gereza la Kamiti kunyongwa. Barua yake ya mwisho, aliyomwandikia Padre Marino wa misheni ya Nyeri, yaanza kwa kusema kwamba ni yapata saa saba ya usiku. Na kulipokucha, tarehe 18 Februari 1957, hukumu ilitimizwa. Siandiki ili niihukumu upya kesi ile, wala ili nimfanye mtakatifu au nimpunguzie ushujaa. Nautazama usiku ule tu. Mtu aliyebakiwa na saa chache angestahili kusamehewa kama angejililia. Lakini barua yenyewe, baada ya kumshukuru padre mwingine aliyekuwa akimtembelea gerezani na kumpa vitabu vya dini, na baada ya kunung'unika kidogo kwamba siku ya Krismasi ni huyo mmoja tu aliyemkumbuka, yageuka kuwa orodha ya watu: mwanawe atiwe shule, mama yake, ambaye ni mzee sana, aendewe na kufarijiwa, mke wake, aliyekuwa naye kizuizini Kamiti, apate faraja ya masista, na ikiwezekana akae karibu na misheni ya Mathari, na wasomaji wa Wathiomo Mukinyu, lile gazeti la misheni la Kikuyu, wapewe salamu. Barua hiyo haikuandikwa kwa sura ya sala. Hata hivyo sijui sala ya usiku iliyo kamili kuliko hiyo katika yote yaliyowahi kuandikwa na mtu wa milima hii.

Mfalme wa Uajemi, sista wa Gikondi na mfungwa wa Kamiti hawana mengi ya kuwaunganisha, ila hili: kila mmoja wao, usiku ulipomnyima usingizi, alikutana na jina la mtu. Najua msomaji mcha Mungu atanipinga hapa, akisema kwamba nimeishusha sala ikawa hisani, na kwamba waliosali kweli hujitenga na viumbe wote wabaki na Muumba peke yake. Pingamizi hilo ni zito, na ningelinyamazia kama si Yakobo. Yeye alikuwa peke yake kabisa usiku ule wa kivuko cha Yaboki. Alikwisha kuvusha wake, watoto na wanyama, akabaki, akashindana mweleka na Mgeni hata alfajiri, na akapewa jina jipya na nyonga iliyoteguka. Hapana faragha na Mungu kuliko hiyo. Walakini tukumbuke ni nini kilichomkosesha usingizi tangu mwanzo: alikuwa anamwogopa ndugu yake Esau, ambaye alikuwa amemdhulumu baraka miaka mingi iliyopita, na sasa anakuja na watu 400. Na baada ya mweleka ule alikwenda wapi? Alikwenda akichechemea mpaka kwa Esau, akainama mara saba, akamwambia kwamba kuuona uso wake kumekuwa kama kuuona uso wa Mungu. Basi sioni kwamba Mungu na ndugu ni njia mbili za usiku mmoja. Aliyemshika Yakobo gizani alimwachilia kulipopambazuka, ili amwahi anayemdai.

Mimi, kwa uchache wangu, hufanya hivi, wala simshurutishi mtu. Kwanza siiwashi simu, kwa kuwa mwanga wake huliingiza soko zima kitandani, na mtu akiisha kusoma habari za dunia saa nane ya usiku hana tena nguvu ya kumwombea hata jirani. Baridi ikiniruhusu hukaa kitako, blanketi mabegani, nikaisema Sala ya Bwana polepole mno, na aghalabu siifikishi mwisho, maana katika Injili ya Matayo mahali pa msamaha neno lililotumika ni deni, na hapo hukwama. Kisha nauzunguka mji kwa moyo. Nawataja wauguzi wa zamu Mathari na Tumutumu. Na bawabu wa kiwanda cha kahawa anayeota moto wa kuni mbichi. Na wanawake wapakiao kabichi na viazi ili wafike Karatina kabla ya mapambazuko. Na dereva anayepiga miayo kuelekea Nairobi. Na wafungwa wa King'ong'o, ambao taa zao hazizimwi. Na mwizi pia, kwani yeye naye yu macho, na sidhani kama ana wengi wamwombeao. Wasiwasi wangu mwenyewe nao haukimbii kwa kufukuzwa, lakini nimegundua kwamba hubadilika ukiulizwa jina lake: ada ya shule, ikitazamwa sana, huacha kuwa ada ikawa msichana mmoja mwenye aibu ambaye sijazungumza naye vizuri tangu likizo ya Aprili. Na ziko nyakati ambazo sina neno lolote, si la shukrani wala la ombi. Zamani nilidhani kwamba hapo nimeshindwa. Sasa namkumbuka bawabu, ambaye usiku kucha hasemi kitu, na bado mwenye mali hulala kwa sababu yake.

Naye anayeuliza usiku wa manane ni nani anayemdai, asitumaini kwamba atakosa jibu. Mwaka jana, katika mwezi huu huu wa ukungu, nilikuwa nimekwama mahali pangu pa siku zote, ndipo likanijia jambo ambalo sikulifikiri kwa zaidi ya miaka 30. Usiku mmoja wa masika mke wangu alishikwa na uchungu wa kuzaa, na jirani wa ng'ambo ya bonde, aliyekuwa na gari dogo la kubebea mizigo, alitoka kitandani akatupeleka hospitali katika tope lililofika vifundoni, na njiani springi ya gari ikavunjika. Mtoto alizaliwa salama. Nilimwahidi kwamba malipo ya kahawa yakija nitamnunulia springi nyingine; malipo yalikuja kwa kuchelewa, tena haba, nikayatumia kwingine; naye hakunikumbusha hata siku moja, na ukimya wake niliufanya kuwa risiti. Tumesali kanisa moja tangu wakati ule. Nimempa mkono wa amani Jumapili zisizo na idadi, na mkono wangu haukuwahi kutetemeka.

Kulipokucha nilitoka. Mlima ulikuwa wazi juu ya ukungu, kama uwavyo asubuhi na mapema kabla mawingu hayajaufunika, lakini sikusimama kuutazama, kwa kuwa niliogopa kwamba nikisimama nitarudi. Nilimkuta mzee yule nje, ameketi juu ya kigoda, anakunywa uji. Nikamweleza habari nzima, nikamkabidhi bahasha. Aliifungua, akazihesabu noti kwa kidole kilicholoweshwa, akatoa tatu akanirudishia, akasema springi haikuwa na bei hiyo wakati ule.

Kisha akaniuliza, "Mzee mwenzangu, na hili limekujia lini?"

Nikamwambia kwamba limenijia usiku, saa nane, saa ambayo siku hizi huniamsha.

"Mimi huamka saa tisa," akasema, akiitia bahasha mfukoni. "Basi we kesha mpaka saa tisa, kisha lala. Zamu nitaipokea mimi."

Usingizi wangu haujarudi tangu siku hiyo, na siulaumu. Ikigonga saa tisa humtaja mzee huyo wa mwisho, nikajilaza. Na nikisinzia au nikikosa, najua kwamba ng'ambo ya bonde mtu mmoja amekwisha kuketi kitako.